Ua la Tanga linalouzwa Dar es Salaam kama mgeni

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tukae na jambo dogo, jambo linaloenea katika chungu kimoja chenye upana wa kiganja. Najua wapo watakaosema: mzee, nchi ina mambo mazito, wewe unatuletea maua! Nawaomba wanivumilie. Jambo hili lina Tanga ndani yake, lina Ujerumani na Marekani, lina msitu unaokatwa, na lina dirisha la nyumba yako.

Ua lenyewe bila shaka umeliona. Ni mmea mfupi usiopanda juu. Majani yake ni manene na ya mviringo, yana vinyweleo laini kama kitambaa cha mahameli, nayo yamejipanga duara kama sahani. Katikati huchomoza vikonyo vyembamba vyenye maua ya zambarau, pengine ya waridi au meupe, na katika moyo wa kila ua kuna vidonge viwili vya manjano. Hukaa juu ya meza ya katibu muhtasi, hukaa mapokezi hotelini, na wengine hulipandisha juu ya kabati la vyombo sebuleni, mahali pasipoingia mwanga, likafia huko.

Kando ya barabara moja hapa Dar es Salaam nilimwuliza kijana muuza miche ua hilo linatoka wapi. "Hili la Uholanzi, mzee," akanijibu bila kusita, "ndiyo maana bei yake imesimama." Sikumlaumu. Kadi ya plastiki iliyochomekwa katika chungu ilikuwa ya lugha ya kigeni, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Wajerumani na Warusi ndio waliobaki na jina lenye anwani kamili: wao huliita urujuani wa Usambara. Naam, Usambara hii hii ya Lushoto, Korogwe na Muheza. Kijana yule alikuwa anauza mali ya Tanga akiamini ni mali ya Uholanzi.

Habari yake ni hii. Katika miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa watawala wa nchi hii, mkuu wao wa wilaya ya Tanga alikuwa bwana mmoja aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu alikuwa mtu wa kupenda mimea, na tena alikijua Kiswahili: mwaka 1890 kilitoka kitabu chake cha kuwafundisha Wajerumani lugha yetu. Alilikuta ua hili msituni, na mwaka 1892 akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ile familia, la pili maana yake ni lenye maua kama urujuani. Kwa kweli ua hili halina udugu wowote na urujuani wa Ulaya. Ni sura tu iliyowachanganya, na jina likaganda.

Mwaka ule ule wa 1893 likaoneshwa kwenye maonyesho ya maua huko Ghent, Ubelgiji, watu wakalipenda, na kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, kampuni ya Armacost na Royston, wakaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi, wakachagua kumi iliyo bora na kuipa majina. Mmoja uliitwa Blue Boy, na kutoka kwa ile michache ulimwengu ukajaa. Kufikia mwaka 1946 Wamarekani walikuwa na chama chao kizima cha wapenzi wa ua hili moja, nacho kipo mpaka leo. Leo hii yapo ya rangi mbili, yapo yenye petali zilizokunjamana kama marinda, yapo madogo yanayoenea ndani ya kikombe cha kahawa.

Wataalamu wa mimea nao hawakukaa kimya. Zamani walihesabu aina ishirini hivi za ua hili. Mwaka 2006 zikapunguzwa hadi sita. Kisha mwaka 2015, baada ya kuchunguza nasaba yake kwa vipimo vya kisasa, wakaliondoa kabisa lile jina la Saintpaulia kuwa jenasi ya peke yake, wakaliingiza ukoo wa Streptocarpus. Muuza maua hana habari na hayo, na wewe pia si lazima uwe nayo. Mimi nitaliita ua la Usambara, basi.

Sasa, ndugu msikilizaji, kwa nini nimekupitisha njia ndefu hivyo? Kwa sababu watu wengi hununua ua hili, likakaa mwezi mmoja au miwili, likafa, wakasema "maua ya kizungu hayawezi joto letu." Ukiliona kuwa la kizungu utalitunza kizungu, na hapo ndipo linapokufa. Ukijua kwao ni wapi, utajua linataka nini bila kufundishwa na mtu.

Kwao ni juu ya mwamba. Haliko shambani wala kwenye udongo mzito wa bonde. Katika misitu ya Usambara huota kwenye mawe yaliyosimama wima, kando ya vijito na katika nyufa, pale ambapo jiwe limefunikwa na ule ukijani laini wa sehemu zenye unyevu. Mizizi yake ni mifupi na myembamba kama nyuzi. Imeshika kiganja kimoja tu cha mboji iliyotokana na majani yaliyooza. Mvua ikinyesha maji hupita juu ya jiwe na kuondoka zake. Yanayobaki ni unyevu. Juu yake yapo matawi ya miti mikubwa, kwa hiyo jua halilipigi, bali linapata ule mwanga uliochujwa, mwanga wa kutosha kusomea gazeti lakini usiochoma ngozi. Hewa ya hapo ina unyevu, upepo ni mdogo, na jiwe lenyewe halipati joto haraka.

Shika picha hiyo ya jiwe, kwa maana kila nitakalosema kuanzia sasa limetoka hapo.

Tuanze na maji, kwani nijuavyo mimi maji ndiyo yanayoua maua haya kuliko kitu kingine chochote. Na hayaui kwa kukosekana. Yanaua kwa wingi! Mama mwenye nyumba anaamka asubuhi, anamwagilia. Msichana wa kazi naye adhuhuri anaona udongo umekauka juu, anamwagilia. Bwana akirudi jioni naye hataki kuonekana hana huruma. Mizizi iliyozoea jiwe linalochuruza maji sasa imekaa matopeni, inakosa hewa, inaoza. Na hapa ndipo penye mtego: mmea uliooza mizizi hulegea na kunyauka sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye nyumba akiona umelegea, anaongeza maji tena. Kabla hujamwagilia ua lililolegea, tia kidole udongoni. Kama udongo umelowa na mmea umelegea, hiyo si kiu.

Taratibu nzuri ni kusubiri mpaka udongo wa juu uwe mkavu ukiugusa, kisha uweke chungu ndani ya kisahani chenye maji, kinywe kutoka chini kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo mwaga maji yaliyobaki kisahanini. Usikiache chungu kikiogelea usiku kucha. Ukipenda kumwagilia kwa juu si haramu, lakini mimina pembeni kwenye udongo, usimwage katikati pale majani machanga yanapochipua, maana maji yakituama hapo moyo wa mmea huoza. Na maji yasiwe ya baridi. Maji yaliyotoka kwenye jokofu yakidondokea jani huacha mabaka meupe au ya kahawia yasiyofutika tena. Watu hudhani ni ugonjwa, wakatafuta dawa dukani.

Kwetu huku mijini kuna shida nyingine ya maji ambayo vitabu vya wenzetu haviizungumzi sana. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya visima virefu, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Sisi wenyewe tunayaona kwenye sabuni isiyotoa povu. Chumvi hiyo hubaki udongoni kila maji yanapokauka, mwishowe utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Jani likiegemea ukoko ule, kikonyo chake huungua na kuoza. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo wakati wa masika uyahifadhi. Ua moja halitumii mengi. Asiye na maji ya mvua, basi kila baada ya mwezi mmoja au miwili amimine maji safi ya kutosha kwa juu, yapite yote mpaka chini na kutoka na chumvi ile. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa, yaache wazi usiku mmoja ndipo uyatumie.

Baada ya maji ni mwanga. Hapa nina ugomvi mdogo na vitabu. Vitabu vingi vya maua vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humo utasoma kwamba dirisha la kusini lina jua kali, la kaskazini lina kivuli mwaka mzima. Kwa London au Chicago hayo ni sahihi kabisa. Lakini sisi tumekaa kusini ya Ikweta, tena karibu nayo. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha lile lile lililokuwa salama katikati ya mwaka linaweza kuunguza majani wakati wa Krismasi. Mwenye kufuata kitabu neno kwa neno hawezi kuelewa kimetokea nini, kwa vile hakukihamisha chungu hata kidogo; lililohama ni jua.

Dirisha la mashariki ndilo rafiki kwa miezi yote, mradi kuna pazia jepesi la kuchuja. La magharibi liogope, lina jua la alasiri. Nyumba zenye upenu mpana au baraza zina bahati, kwani upenu hufanya kazi ya matawi ya miti. Ukiwa na wasiwasi, fanya hivi: weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, saa sita mchana, kisha inua mkono wako juu ya karatasi kiasi cha shubiri moja na nusu. Kivuli kikiwa cheusi chenye ukingo uliokatika kama umechongwa, hapo pana jua mno. Kikiwa hafifu lakini unaweza kuhesabu vidole, hapo ndipo. Usipoona kivuli kabisa, hapo weka redio, usiweke ua.

Mmea wenyewe nao husema. Ukikosa mwanga vikonyo hurefuka, majani husimama kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, na maua hayaji. Ukizidiwa na jua majani hupauka, hukakamaa na kujikunja kuelekea chini. Kila juma kigeuze chungu robo duara, la sivyo mmea wote utaegemea upande mmoja. Na wewe unayefanya kazi ofisi isiyo na dirisha usikate tamaa: ua hili ni moja ya machache yanayokubali taa ya umeme. Chini ya taa ndefu nyeupe, umbali wa kiasi cha rula moja ya shule, ikiwaka saa kumi na mbili kwa siku, litachanua.

Sasa tuje kwenye joto, maana ndilo linalolaumiwa. Ni kweli kwamba ua hili hupenda nyuzi 18 hadi 24 hivi, na Dar es Salaam, Tanga mjini, Zanzibar na Mombasa kuanzia Desemba hadi Machi mchana hupita nyuzi 30. Lakini sikiliza. Aina ile ile ya ionantha, ambayo ndiyo babu wa haya ya dukani, haikai milimani tu. Ilionekana pia kwenye mawe ya chokaa kandokando ya mto Sigi, karibu na mapango ya Amboni, kilometa chache tu kutoka Tanga mjini, karibu sawa na usawa wa bahari! Amboni hakuna baridi ya Lushoto. Kilichopo ni kivuli na jiwe lenye unyevu. Na unyevu wa hewa ya pwani, unaotufanya sisi tulalamike, kwa ua hili ni neema.

Kwa hiyo mkazi wa pwani asitafute ubaridi wa friji. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja juu ya ua hulidhuru, kwa maana hewa yake ni kavu. Atafute kivuli na chungu cha udongo uliochomwa kisichopakwa rangi. Chungu cha namna hiyo hupumua, maji hupenya kwenye kuta zake na kukauka, na ndivyo kinavyopoa, sawasawa na mtungi wa maji ya kunywa wa bibi. Miezi ya joto kali teremsha ua karibu na sakafu, ambako hewa ni ya ubaridi zaidi, usilipe mbolea, na usishangae maua yakisimama. Linapumzika. Kuanzia Mei utaona vichwa vipya.

Wa Arusha, Nairobi na Lushoto hawana tatizo hili. Wa Mbeya na Njombe wana tatizo la kinyume: usiku wa Juni na Julai waliondoe kwenye kioo cha dirisha, kwani chini ya nyuzi 15 hivi mmea husimama kukua, na chini ya 10 huanza kuumia.

Udongo nitaupitia haraka. Usichote udongo mfinyanzi mwekundu wa uani, wala usitie samadi mbichi. Unataka kitu chepesi kinachoshika unyevu bila kutuamisha maji. Mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, vumbi la makumbi ya nazi, mchanga mnene wa mtoni, na chenga chache za mkaa, vinatosha. Makumbi yaoshe mara kadhaa kwanza, hasa kama umeyapata kwa wasokota kamba, maana wao huyazika pwani kwenye maji ya bahari kabla ya kuyapiga, na chumvi ya bahari haitofautiani na ile ya kisima niliyoitaja. Chungu kiwe kidogo. Upana wa mdomo wake uwe theluthi ya upana wa mmea. Watu hupenda kulipa ua chungu kikubwa kwa wema, lakini kumbuka kule kwao lilipewa ufa wa jiwe. Kopo la maziwa linafaa pia, mradi ulitoboe chini.

Mbolea ya chumvichumvi iwe ile yenye viini vyote vitatu, uizimue mpaka robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki mbili. Urea ya mahindi iache shambani. Italeta majani makubwa ya kujivunia na hutaona ua hata moja. Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba kwenye mapindo ya majani, hao ni vidung'ata; chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti uwapanguse mmoja mmoja, kisha utenge chungu hicho na vingine. Mavumbi kwenye majani yaondoe kwa brashi laini. Wenye watoto wadogo au paka wasiogope, mmea huu hauna sumu.

Sasa narudi msituni, kwa sababu kuna jambo linalonikera. Ua hili linaloota katika mamilioni ya madirisha duniani, kwao lina hali mbaya. Linapatikana porini Tanzania na sehemu chache za Kenya tu, na kila aina ina kilima chake au bonde lake. Kule Taita lipo la kilima cha Mbololo. Kule Kilifi, kwenye majabali ya chokaa ya Cha Simba karibu na Kaloleni, lipo jingine ambalo makazi yake ni vipande vichache vya mawe, basi. Aina yenye makazi madogo kiasi hicho haihitaji adui mkubwa. Halihitaji hata kung'olewa. Mtu akikata mti ulio juu ya jabali kwa ajili ya mkaa au mbao, huenda hakuligusa ua wala hakujua lipo. Lakini kivuli kimeondoka, jua linalipiga jiwe, ule ukijani laini unakauka, na kabla ya mvua zijazo ua nalo limekwisha. Jabali likivunjwa kwa kokoto, hali ni ile ile.

Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na humo ua hili lina ulinzi. Lakini mawe yaliyo nje ya mipaka ya hifadhi, katikati ya mashamba ya watu, yanamtegemea mwenye shamba. Na mwenye shamba huyo, tuseme kweli, hajawahi kupata hata senti moja kutokana na ua lililotoka kwenye jiwe lake. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulipotiwa saini mwaka 1992, ukitamka kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na viumbe vyake, ilikuwa imepita miaka mia moja kamili tangu mzigo ule utoke Tanga. Mkataba haurudi nyuma. Mimi si mwanasheria, lakini naona ni hesabu inayouma.

Lipo la kufanya kwa upande wetu sisi wa mijini. Ukienda kutembea Amboni au Amani ukaliona, liache pale pale. Watu huling'oa wakalitia kwenye mfuko wa plastiki, wakidhani wanaliokoa, na likifika Dar es Salaam limekwisha kufa. Tena hakuna haja, kwa vile kuna njia ya kupata miche mingi kutoka kwa jirani yako mwenye mmea wa dukani, kwa gharama ya jani moja.

Chagua jani lililokomaa lakini lisilo la kuzeeka, la safu ya pili au ya tatu kutoka katikati. Likate pamoja na kikonyo chake, ukibakize urefu wa pingili moja ya kidole, na ukate kwa mshazari kwa wembe safi. Chomeka kikonyo katika mchanganyiko wa makumbi na mchanga uliolowa kidogo, jani lenyewe libaki juu. Funika kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga ili unyevu usitoroke, weka kivulini penye mwanga, na uwaambie watoto wasilivute kuangalia kama limeota. Baada ya majuma matatu au manne mizizi huwa imetoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijijani vidogo kama masikio ya panya vikichomoza udongoni chini ya jani mama, mara nyingine kimoja, mara nyingine vitano. Vikifikia ukubwa wa sarafu, vitenganishe kwa uangalifu, kila kimoja na mizizi yake, ukipande katika chungu chake kidogo. Ndani ya mwaka huo huo vitachanua.

Yenye mistari inayotoka katikati ya ua kama mishale ya gurudumu hayafuati kanuni hii. Jani lake mara nyingi litakupa ua la rangi moja tu. Mengine yote huzaa mfano wa mama yao. Na lile jani mama, kama bado ni la kijani na gumu, usilitupe: lioshe, kata ncha ya kikonyo upya, ulirudishe mchangani. Mara nyingi litazaa tena.